Sikio la Mpakani: Redio za Mbali katika Usiku wa Bukoba na Muleba

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imekaa midomoni mwa watu wa mwambao tangu zama, nayo hutumika zaidi pale penye tetesi. Lakini ipo nchi moja, mbali na bahari, ambayo historia yake yaitaka methali hii ijieleze upya. Nchi hiyo ni Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako watu wa Bukoba na Muleba, kwa miongo mingi ya karne ya ishirini, walikuwa na mazoea ya kusikiliza usiku redio za mbali.

Ziko nchi ambazo mazoea haya ni mchezo wenye jina na kanuni zake. Wenyewe huuita DX, ufupisho uliorithiwa kwa wapiga telegrafu, na maana yake ni umbali. Mchezaji hukesha akitafuta stesheni iliyo mbali kabisa, kisha humwandikia mwenye stesheni ripoti ya usikivu, akitaja saa, masafa na yaliyosemwa; naye akibahatika hurudishiwa kadi ya uthibitisho. Miaka ya 1920, katika mji wa Chicago, Marekani, stesheni za mji zilikubaliana kunyamaza kila Jumatatu usiku, ili wakazi wapate kuzisikia za mbali. Katika mchezo huo sauti husifiwa kwa urefu wa safari yake; aliyoyasema mtangazaji si hoja. Kagera mambo yalikuwa kinyume. Huko lililosemwa ndilo lililokuwa na uzito, na mara nyingine lilikuwa na uzito wa roho za watu.

Sababu yaonekana katika ramani. Kutoka Bukoba hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka juu ya maji, ni kama kilomita 180. Hadi Kampala ni kama kilomita 200, na hadi Kigali ni kama 200 vilevile. Nairobi iko mashariki, umbali wa kilomita 550 hivi. Dar es Salaam, yaliko makao ya redio ya taifa, iko zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo mtu aliyewasha redio Kamachumu, juu ya mwinuko wa Muleba, katikati ya migomba na mibuni, alizungukwa na miji mitatu ya nchi tatu iliyokaribia kuwa sawa kwa umbali, na mji mkubwa wa nchi yake ulikuwa mbali kuliko yote.

Historia ya sauti za angani katika Bukoba haikuanza kwa starehe. Mji wenyewe uliasisiwa na Emin Pasha mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa wamesimamisha hapo kituo cha simu ya upepo. Juni 1915 jeshi la Waingereza lilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, likapigana kwa siku mbili, likautwaa mji, na kazi yake kubwa ikawa kukiangamiza kituo hicho. Miongoni mwa askari wake alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Walipokwisha kubomoa walirudi walikotoka. Hawakuja kukaa Bukoba. Walikuja kuunyamazisha mlingoti. Hivyo tangu mwanzo watu wa ukingo ule wa ziwa walionyeshwa kwamba sauti isiyo na waya ni silaha, na kwamba wakubwa wako tayari kuifia.

Redio ya kusikiliza nyumbani ilifika baadaye. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka huohuo Sauti ya Unguja. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiyashambulia maneno ya wakoloni kwa lugha ya waliotawaliwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilizaliwa Juni 1957. Sauti ya Dar es Salaam iligeuka shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1965 Wajerumani wa Deutsche Welle walisimamisha mitambo yao Kigali, jirani kabisa na Kagera, mitambo iliyodumu hadi mwaka 2015. Bukoba na Muleba, nchi ya kahawa, zilikuwa na watu waliopata fedha ya mavuno ya kununulia baiskeli, bati na redio. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo redio haikuachwa ikipiga domo kutwa. Iliwashwa kwa saa yake, na saa yake ilikuwa usiku.

Usiku haukuchaguliwa kwa ajili ya mapumziko tu. Mchana, katika anga la juu, kuna tabaka lililochajiwa na jua ambalo huyanywa mawimbi ya masafa ya kati. Yanayosalia ni yale yanayotambaa juu ya ardhi, nayo huchoka upesi. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, kilomita mia moja na ziada, kisha hurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Kwa kuwa Dar es Salaam iko mashariki ya Bukoba kwa nyuzi saba na nusu za longitudo, magharibi huingia pwani takriban nusu saa kabla ya kuingia ziwani. Usiku husafiri kutoka baharini kwenda bara, na nyuma yake huja sauti.

Msomaji wa visiwani huenda akadhani kwamba ziwa huzibeba sauti kama bahari izibebavyo. Sivyo. Maji ya chumvi huyapitisha mawimbi ya masafa ya kati kwa wepesi mkubwa, na ndiyo sababu stesheni iliyo kisiwani husikika mbali katika mwambao. Maji baridi ya ziwa hayana ukarimu huo. Tena Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani, na kila radi huacha mkwaruzo redioni. Msikilizaji wa Bukoba alijifunza kuisikia sauti ya mtu nyuma ya ngurumo.

Alijifunza na jambo jingine. Ndani ya redio ndogo ya mkononi mna kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa waya, na kijiti hicho ndicho kinachonasa mawimbi ya kati. Ncha yake ikielekezwa kwenye stesheni, stesheni hufifia. Ubavu wake ukielekezwa huko, sauti hupanda. Kampala iko kaskazini ya Bukoba na Mwanza iko kusini-mashariki, basi mtu aliweza kuigeuza redio mezani na kumpunguza mmoja ili amsikie mwingine. Hahitaji mtu kusoma fizikia ili alitambue hilo. Mikono hulitambua yenyewe. Aliyezoea kufanya hivyo hujua kwamba sauti ina upande inakotoka.

Lakini kilichowavuta watu wengi kwa jirani kilikuwa lugha. Redio Tanzania ilikuwa redio ya Kiswahili, kwa sera iliyokusudia kulijenga taifa moja, na haikutangaza kwa lugha za makabila. Redio Uganda ilitangaza kwa lugha nyingi za nchi yake, zikiwamo Kiganda na Kinyankore. Mhaya amsikiapo Mnyankore husikia ndugu. Maneno mengi ni yaleyale. Ikawa ajabu hii: redio ya nyumbani ilisema lugha ya taifa, na redio ya ugenini ilisema lugha iliyokaribia ya mama. Kwa upande wa pili, Kiswahili cha mwambao, pamoja na vipindi vya mashairi na lafudhi za watangazaji wa pwani, kilipanda usiku hadi nyumba za Wahaya na kukaa nao. Shule ilifundisha sarufi. Redio ilifundisha mahadhi.

Tarehe 25 Januari 1971 sauti ya jirani ilibadilika. Askari aliyeitwa Wilfred Aswa alisoma katika Redio Uganda orodha ya sababu 18 za kumwondoa Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore mkutanoni. Idi Amin akashika nchi. Mwaka 1973 serikali yake ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Kwa hiyo siku uhasama ulipokuja, lugha ya mwambao ilikuwa pande zote mbili za mpaka.

Ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Amin yaliingia na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Redio Uganda ilitangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda, na kwamba mto ndio mpaka mpya. Ikajigamba kuwa ushindi umepatikana kwa dakika 25. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa.

Inafaa kuutafakari wakati huo. Mpaka wa zamani, mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta, haukuwekwa na Wahaya wala na Waganda. Ulithibitishwa na Uingereza na Ujerumani katika mkataba wa 1890, mkataba uleule ulioiweka Unguja chini ya ulinzi wa Waingereza. Karatasi moja iliamua mambo ya kisiwa na ya ziwa, wala mwenye kisiwa na mwenye ziwa hawakuulizwa. Miaka 88 baadaye mtu wa Kagera aliambiwa tena kwamba nchi yake imehamishwa, na mara hii aliambiwa na redio, kutoka mji ulio karibu naye mara tano kuliko Dar es Salaam, katika masafa aliyokuwa ameyazoea kwa nyimbo na kwa lugha ya jamaa zake. Wakimbizi walikuwa wakimiminika kusini ya mto na mizigo kichwani. Lililosemwa lilifanana na lililoonekana.

Kesho yake, tarehe 2 Novemba, sauti ya Mwalimu Julius Nyerere ilitoka Dar es Salaam. Alilihutubia taifa akieleza kwamba Tanzania ina sababu ya kupigana, ina uwezo na ina nia. Maneno hayo yamekaririwa kiasi kwamba watu husahau walikuwa akina nani waliokuwa na haja nayo kuliko wengine. Mtu wa Dar es Salaam aliyasikia kama wito. Mtu wa Bukoba na Muleba aliyasikia kama jibu, kwa maana alikuwa amelisikia la upande wa pili. Ilimpasa achague amwamini nani: wa karibu mwenye bunduki ng'ambo ya mto, au wa mbali mwenye ahadi tupu, kwani wakati ule ahadi ilikuwa bado tupu. Aliyezoea redio za mbali alikwisha kujua jambo moja: kusikika vizuri ni habari ya mlingoti na umbali, si habari ya ukweli.

Katika mwezi uleule kulitokea sadfa ndogo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1978, kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975, stesheni za masafa ya kati za Ulaya, Afrika na Asia zilipangwa upya, kila moja kilohezi tisa kutoka jirani yake. Mataifa yalikuwa yakigawana mipaka ya hewani kwa hesabu na kwa amani, wakati Kagera mpaka wa ardhini ukigombaniwa kwa mizinga.

Tarehe 11 Aprili 1979 Redio Uganda ilisema tena. Safari hii aliyesema alikuwa Luteni Kanali David Oyite-Ojok, akiutangazia ulimwengu kwamba utawala wa Amin umeanguka. Ilikuwa redio ileile, mji uleule. Mwaka huohuo mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la mto uliotangazwa kuwa mpaka, ukawa Kagera. Lililosemwa tarehe 1 Novemba halikuwapo, wala halikuja.

Siku hizi redio za jirani na za mbali husikika Bukoba kwa njia nyingine. Ngara, mkoani humohumo, ilipata Redio Kwizera mwaka 1995, baada ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka Rusumo kwa laki mwaka uliotangulia. Jina lake ni tumaini. Mitambo ya FM imesogea karibu na wasikilizaji, na simu ya mkononi huleta stesheni ya Ulaya bila mkwaruzo. Stesheni nyingi za masafa ya kati duniani zimezimwa, na zilizosalia hufunikwa na mngurumo wa taa mpya na vifaa vya kuchajia simu. Faida ni kubwa, na hakuna wa kulilia betri zilizokwisha katikati ya taarifa ya habari. Hata hivyo simu huzileta sauti zote zikiwa na nguvu sawa, wala haina ncha ya kuielekeza upande sauti inakotoka. Kazi ya kupima ni nani asemaye, yuko wapi, na kwa nini anasikika vizuri hivyo, kazi iliyofanywa zamani na mikono na sikio pamoja, imebaki kwa msikilizaji peke yake.

Redio za zamani zingalipo katika makabati ya Muleba, chini ya vitambaa vya kufuma. Umeme ukikatika, taa za mtaa zikazima na simu zikaisha chaji, mwenye kuiwasha mojawapo kwenye masafa ya kati atasikia kwanza radi za ziwani. Akingoja, nyuma yake atasikia mtu.