Ua la mwembe

Miembe ya uwanja wa kumbukumbu wa Ujiji, Tanzania, inaelezwa kuwa ilibebeshwa vikonyo vya mwembe ambao inasemekana mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari Livingstone chini yake mwaka 1871. Mti wenyewe ulishakufa. Kishada kimoja cha mwembe huwa na mamia ya maua, pengine maelfu, meupe yenye wekundu kwa ndani, yasiyofikia sentimita 1 kwa upana. Mengi ni ya kiume, hivyo yanayozaa ni machache mno. Inzi, wadudu wasio na sifa njema, ndio wachavushaji wakubwa. Kiangazi cha Ujiji huuchochea mwembe kuchanua. Huko Miyazaki, Japani, miembe hukuzwa katika vitalu nyumba vyenye joto: nyuki huingizwa kuchavusha, na kila embe huvikwa wavu, lidondokee humo likiiva.