Jino Lililokufa au Jino Lililotolewa Kiini?

Istilahi mbovu huweza kumgharimu mtu jino. Hofu iliyomo katika maneno "jino lililokufa" ina historia. Mwaka 1910 daktari William Hunter wa London alihutubu mjini Montreal, akiyalaumu matengenezo ya meno yaliyofunika usaha. Mwaka 1923 Weston Price wa Marekani, aliyepachika meno chini ya ngozi za sungura, alidai kuwa mizizi iliyozibwa hueneza maradhi mwilini. Meno mengi yaling'olewa kwa hofu hiyo. Price huyo huyo alizuru Kenya na Uganda mwaka 1935 akichunguza meno ya wenyeji. Uchunguzi wa baadaye, uliofanywa kwa uangalifu zaidi, haukuthibitisha madai yake.

Basi mfasiri anayemwandikia mgonjwa wa Masasi au Newala "jino lililokufa" humfanya asadiki kwamba ataachiwa mzoga kinywani. Naye huchagua kung'olewa. Kumbe kinachoondolewa ni kiini tu: mfereji wa mzizi husafishwa na kuzibwa, na jino huendelea kushikiliwa na nyuzi hai zinazolizunguka. Mfereji usiposafishwa sawasawa, matibabu huweza kushindwa. Hilo nalo lisemwe. Tunapendekeza "jino lililotolewa kiini".