Upepo wa jua: kasi peke yake haitoshi

Leo tuache habari za bumu na siasa, tuongee fizikia kidogo. Kuna historia moja ambayo sisi walimu watarajiwa tunapaswa kuijua.

Swali ni hili: ukipima upepo wa jua huko angani, unaweza kukadiria sumaku ya dunia itatikisika kiasi gani?

Mwaka 1958 Eugene Parker aliandika kwamba jua linapuliza chembe zenye chaji bila kukoma. Wataalamu wawili waliopewa andiko lake walikagua wakalikataa, lakini mhariri, Chandrasekhar, akalichapa hivyo hivyo. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kikaupima upepo wenyewe. Ubishi kwisha! Mwaka uliofuata Snyder, Neugebauer na Rao wakalinganisha kasi ya upepo huo na Kp, kipimo cha 0 hadi 9 kinachoonyesha sumaku ya dunia imevurugika kiasi gani. Kasi ikipanda, Kp nayo inapanda.

Ungedhani kazi imekwisha. Kumbe wapi! Upepo wa kasi ile ile leo unaleta dhoruba, kesho hauleti kitu.

Ufunguo alishautoa Mwingereza James Dungey mwaka 1961. Upepo wa jua unabeba sumaku yake. Ikielekea kaskazini, mlango wa dunia unakuwa kama umefungwa. Ikielekea kusini, inaungana na sumaku ya dunia na nishati inamwagika ndani.

Ndipo mwaka 1975 Burton, McPherron na Russell wakaandika fomula yao ya kukadiria Dst, kipimo kinachotoka kwenye vituo vya mbali na ncha za dunia, kimoja kikiwa Hermanus, Afrika Kusini. Ifikirie ndoo yenye tundu: upepo wenye sumaku ya kusini ndio bomba linalojaza, na muda unavyopita maji yanavuja. Ukijua bomba linatoa kiasi gani na tundu ni kubwa kiasi gani, unajua maji yatafika wapi.

Haya si mambo ya darasani tu. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hii ilizima umeme Quebec, Kanada. Watu milioni 6 wakakaa gizani kama saa 9.

Siku hizi kuna satelaiti zinazopima upepo huo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kuelekea jua. Lakini mwelekeo wa sumaku haujulikani kwa uhakika mpaka upepo uzifikie. Ukija kwa kilomita 400 kwa sekunde, tunabakiwa na saa moja tu. Ukija kwa 800, nusu saa.

Mimi ninachojifunza ni hiki: mwanafunzi akiona vitu viwili vinapanda pamoja, tusimwache aishie hapo. Tumuulize, "Kwa nini?"

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.