Balozi aliyeandika historia ya Wagiriki wa Kasenga

Tarehe 30 Novemba 1973, rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Wagiriki wengi walifunga milango na kuondoka. Leo, katika miji kama Butembo na Beni, kijana akiuliza Wagiriki hao walitoka wapi na walikuja kutafuta nini, ni wazee wachache tu wanaoweza kumjibu.

Kwa upande wa Katanga, jibu liliandikwa. Aliyeliandika hakuwa Mgiriki. Ni Mwelwa Musambachime wa Zambia, mwalimu wa historia kwenye Chuo Kikuu cha Zambia, ambaye baadaye alikuwa balozi wa nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa, New York.

Mwaka 1981 alimaliza udaktari wake huko Wisconsin, Marekani. Hakuchagua wafalme wala vita. Alichagua uvuvi wa mto Luapula na ziwa Moero, mpakani mwa Kongo na Zambia. Mwaka 1995 akatoa makala juu ya Kasenga, mji mdogo wa Katanga kando ya mto huo.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na wafanyakazi wengi wa kulisha. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wagiriki waliofika Katanga waliona nafasi yao katika samaki. Wengi walikuwa watu wa visiwani, na bahari waliijua tangu utoto. Baadhi walitoka visiwa vya Dodekanisi, vilivyotekwa na Italia mwaka 1912.

Walikaa Kasenga, wakaleta mashua, barafu na malori. Lakini waliovuta nyavu walikuwa Waafrika wa pande zote mbili za mto. Ndiyo maana Musambachime aliwaendea wazee wa huko na kuwauliza: bei ilikuwa ngapi, nani alinunua, samaki gani walipotea? Samaki mpumbu, kwa mfano, walivuliwa kwa wingi wakati wa kupanda mto kutaga mayai. Kufikia karibu mwaka 1950 walikuwa wamepungua sana. Karatasi za serikali peke yake zisingetosha kueleza uchungu wa mvuvi aliyerudi na nyavu tupu.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa zilizohama zinapaswa kulijua. Mwaka 1941 Wajerumani waliingia Ugiriki, njaa ikafuata. Watu wa visiwa kama Chios na Samos walipanda mashua usiku na watoto wao, wakakimbilia Uturuki, kisha Mashariki ya Kati. Baadhi yao walifikishwa hadi Kongo ya Wabelgiji. Kongo hii ambayo leo watu wake wanalala shuleni na kanisani kwa kukimbia vita, iliwahi kupokea wakimbizi kutoka Ulaya. Ukimbizi hauna kabila wala rangi.

Tangu Oktoba 2014, vijiji vingi vya Beni vimebaki bila watu. Wengine wamefika Butembo kutoka Lubero, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Watoto wanaozaliwa mjini wataijua Butembo tu. Wakiuliza kwao ni wapi, nani atawajibu?

Musambachime alifika wakati wazee wa Luapula wangali hai. Kazi ya namna hiyo inaweza kuanza nyumbani, kwa daftari moja la shule: jina la kijiji, jina la mto, mwaka wa kuondoka, njia iliyofuatwa, na jina la mwenye nyumba aliyefungua mlango. Mama asiyejua kuandika aseme, mtoto aandike. Mashamba yanaweza kuchukuliwa na nyumba kuchomwa, lakini daftari hilo litamwonyesha mjukuu njia ya kurudi kwao.