Tairi la mbio na tairi la safari: Je, ni lazima magurudumu yasawazishwe?

Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, ni mahali ambapo gurudumu halipumziki. Malori ya mizigo hupishana na teksi na magari ya watu binafsi yanayoelekea mjini, bandarini au uwanja wa ndege. Si mbali na hapo upo mtaa wa Buyenzi, mashuhuri kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Katika mazingira hayo swali hili si geni: tairi likishafungwa kwenye rimu, je, ni lazima lisawazishwe, au kufanya hivyo ni kupoteza fedha?

Wapenzi wa mbio za magari wana jibu linaloshangaza. Wapo miongoni mwao wasiojisumbua kusawazisha matairi ya uwanjani, wakisema tairi la mbio huliwa upesi na uzito wake hubadilika kila mzunguko. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, anayeichukua kutoka uwanja wa mbio na kuipeleka katika barabara ya Bugarama au ya Rumonge huenda akajutia.

Kusawazisha ni nini?

Hakuna gurudumu lililo sawa kabisa pande zote. Mpira wa tairi huwa mzito kidogo mahali fulani, rimu nayo ina kasoro zake, na vali ya kujazia upepo huongeza uzito upande mmoja. Kusawazisha, kazi ambayo mafundi wengi huiita balansi, ni kutafuta upande uliozidi na kuweka kipande kidogo cha chuma upande wa pili ili uzito ulingane.

Mashine ya kisasa hulizungusha gurudumu na kupima mambo mawili. La kwanza ni kama upande mmoja wa mduara ni mzito kuliko mwingine, jambo linalolifanya gurudumu lirukeruke. La pili ni kama uso wa ndani na uso wa nje wa gurudumu vinavutana, jambo linalolifanya liyumbe kushoto na kulia. Mashine kisha humwonyesha fundi gramu zinazohitajika na mahali pa kuziweka.

Rimu za chuma cha kawaida aghalabu hufungwa vipande vya kubana ukingoni, na rimu za aluminiamu huwekewa vipande vya kubandika kwa gundi. Zamani vipande hivyo vilitengenezwa kwa madini ya risasi. Kwa kuwa risasi ni sumu, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa matumizi hayo katika magari mepesi tangu 2005, na zinki na chuma zikachukua nafasi yake.

Kazi hii isichanganywe na ile ya kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Gari linalovuta upande mmoja, au tairi linaloliwa ukingo mmoja tu, lina tatizo la mwelekeo. Gari linalotetemeka likifika mwendo fulani, kisha likatulia mwendo ukipungua, aghalabu lina tatizo la usawa.

Mwendo ndio hakimu

Gramu chache zinawezaje kulisumbua gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja? Jibu limo katika mwendo. Nguvu inayotokana na uzito uliozidi haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Tuchukue mfano wa gurudumu la gari dogo, lenye rimu ya inchi 15, ambalo limezidi kwa gramu 30 ukingoni mwa rimu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, nguvu inayovuta gurudumu ni kama uzito wa kilo 1 na kidogo. Likifika kilomita 100 kwa saa, nguvu hiyo hukaribia kilo 5, na gurudumu linakuwa limezunguka takriban mara 14 kwa kila sekunde. Ni sawa na nyundo ya karibu kilo 5 inayogonga ekseli mara 14 kabla ya mtu kumaliza kutamka jina lake. Kwa kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao magari ya mbio huufikia, nyundo hiyo inafika kilo 18 na zaidi.

Ndiyo maana baiskeli na bajaji za mjini huishi miaka bila kuhitaji huduma hii, ilhali gari linalosafiri mikoani huihitaji. Ndiyo maana pia dereva anayezunguka kati ya Zone Industrielle na soko, katika msongamano usiomruhusu kuvuka kilomita 40 kwa saa, anaweza kuapa kwamba magurudumu yake hayana kasoro. Siku atakaposhika barabara iliyonyooka ya uwanda wa Imbo kuelekea Cibitoke, usukani utamweleza habari nyingine.

Hoja ya wasiosawazisha

Wanaosema tairi la mbio halihitaji kusawazishwa wana sababu tatu.

Ya kwanza ni mabaki ya mpira. Tairi la mbio linapopata joto huwa laini na kunata. Vipande vya mpira vilivyotawanyika pembeni mwa njia hugandamana nalo, hasa dereva akitoka katika mstari wa kawaida. Katika Formula 1, madereva huonekana mara nyingi baada ya mbio kumalizika wakipita kwa makusudi juu ya mabaki hayo ili kuongeza uzito wa gari kabla halijapimwa. Tairi lililobeba mabaki hayo haliwezi kuwa na usawa lililopimwa nao asubuhi.

Ya pili ni kuteleza kwa tairi juu ya rimu. Dereva anapofunga breki kwa nguvu au kukanyaga mafuta ghafla, tairi huweza kujizungusha kidogo juu ya rimu yake. Upande mzito unahama, na kipande kilichowekwa ili kuulinganisha kinabaki kilipokuwa. Mafundi wa mbio huchora alama ya chaki kwenye tairi na rimu ili kujua kama vimeachana.

Ya tatu ni joto la breki. Gundi inayoshika vipande vya uzito hulegea rimu inapochemka, na kipande kikidondoka kazi yote imeharibika. Kwa sababu hiyo wengi huvifunika vipande hivyo kwa utepe imara.

Sababu hizo tatu zinathibitisha kwamba usawa wa tairi la mbio haudumu. Hazithibitishi kwamba usawa hauna faida. Nguo haiachwi kufuliwa kwa kuwa itachafuka tena. Katika michezo ya mwendo mdogo, kama ile ya kuzunguka vizuizi katika kiwanja kidogo, anayeacha kusawazisha hapotezi mengi. Katika uwanja wenye mwendo mkubwa, anajitwika mzigo ambao gari lake ndilo litakaloulipia.

Funzo la Nürburgring

Kinachoweza kusababishwa na mtetemo wa gurudumu kilishuhudiwa na dunia nzima tarehe 29 Mei 2005, katika mbio za Formula 1 za Nürburgring, Ujerumani. Kimi Räikkönen wa timu ya McLaren alikuwa akiongoza. Alipokuwa akimpita dereva aliyeachwa nyuma kwa mzunguko mzima, breki zilifunga gurudumu la mbele la kulia, tairi likasuguliwa mahali pamoja na kupata ubapa. Kanuni za mwaka huo zilizuia kubadilisha matairi katikati ya mbio, isipokuwa lililoharibika. Räikkönen na timu yake wakaamua kuendelea.

Kila mzunguko ubapa ule uligonga lami, na mtetemo ukazidi hadi ukaonekana kwa macho katika picha za televisheni. Mwanzoni mwa mzunguko wa mwisho vyuma vinavyoshikilia gurudumu vilikatika, gari likatoka njiani, na Fernando Alonso wa Renault akatwaa ushindi. Chanzo kilikuwa ubapa, kasoro ambayo mashine ya kusawazisha haiwezi kuiondoa. Lakini funzo ni lile lile: mtetemo unaoachwa hauishii kwenye usukani. Hupita hadi kwenye beringi, shokomzoba na vyuma vya kuunganisha magurudumu, na huvichosha kimyakimya hadi siku ya kukatika.

Matope ya Safari Rally

Afrika haijaandaa mbio za Formula 1 tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Shule ya mbio ya Afrika Mashariki imekuwa barabara ya vumbi na matope. Safari Rally ilianzishwa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya kutoka katika ubingwa wa dunia mwaka 2002, ilirejea 2021, safari hii ikiwa na makao yake Naivasha. Rwanda nayo ina mbio zake za Mountain Gorilla Rally.

Katika mbio za aina hii adui wa usawa ni tope na jiwe. Udongo mzito hujaa ndani ya rimu na kukauka upande mmoja, na nusu kilo yake ni kubwa mara nyingi kuliko gramu 30 za mfano wetu. Jiwe nalo hupinda ukingo wa rimu, na rimu iliyopinda haiponywi kwa kuongezewa vipande vya uzito.

Dereva wa Bujumbura analijua tope hilo bila kuingia mashindanoni. Baada ya mvua kubwa, gari lililopita katika njia za udongo za mitaani laweza kuanza kutetemeka likifika lami. Kabla ya kukimbilia mashine, rimu zioshwe kwanza, hasa upande wa ndani usioonekana. Huenda maji yakawa dawa yote.

Kutoka uwanjani hadi Bugarama

Barabara ya taifa nambari 1 huondoka Bujumbura, mji ulio chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 huko Bugarama. Dereva anayeteremka kutoka juu hutumia breki muda mrefu, kona baada ya kona, na rimu zake hupata joto linalofanana na lile la uwanja wa mbio. Gundi ya vipande vya uzito hulegea vivyo hivyo. Aliyesawazisha magurudumu juzi anaweza kufika Bujumbura akiwa na kipande kimoja pungufu.

Tofauti iko hapa. Timu ya mbio hulifungua gurudumu baada ya muda mfupi, hulikagua na kulibadilisha. Tairi la teksi au la gari la abiria hutumika kwa maelfu ya kilomita, na kila kilomita yenye mtetemo hulila mabaka mabaka na kuchosha beringi. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu mwenye udhuru wa kutosawazisha, ni mwenye tairi litakalotupwa jioni, si baba wa familia anayepeleka watoto Gitega.

Suala la gharama nalo ni zito. Burundi huagiza matairi yake kutoka nje, na faranga iliposhushwa thamani Mei 2023, bidhaa za nje zilizidi kuwa ghali. Hata viwanda vya jirani vilivyojulikana sana, kile cha General Tyre cha Arusha na kile cha Sameer Africa cha Nairobi, vilikwisha kuacha kutengeneza matairi. Wengi hununua tairi lililotumika. Tairi la namna hiyo lina haja kubwa zaidi ya kupimwa, kwani huenda limeliwa bila ulinganifu. Mnunuzi asome pia tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwisho wa alama ya DOT: 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mambo ya kuzingatia

Magurudumu yasawazishwe kila tairi linapofungwa upya, baada ya kuzibwa pancha iliyolazimu tairi kuvuliwa, baada ya kugonga shimo kwa nguvu, na mtetemo unapojitokeza.

Usukani ukitetemeka, aghalabu kasoro iko magurudumu ya mbele. Kiti au sakafu ikitetemeka, yatazamwe ya nyuma.

Rimu isafishwe kabla ya kupimwa, na vipande vya zamani viondolewe vyote. Kipande cha gundi kibandikwe mahali palipofutwa mafuta na vumbi, na mahali palipokauka.

Fundi akidai vipande vingi mno kwa gurudumu moja, aulizwe kama rimu imepinda au kama tairi lenyewe lina kasoro. Mara nyingine kulizungusha tairi kidogo juu ya rimu hupunguza uzito unaohitajika.

Mtetemo ukibaki baada ya kusawazisha, zikaguliwe nati, beringi, shokomzoba na viungo vya usukani. Dalili ya kupigwa gurudumu na dalili ya nati iliyolegea hufanana mkononi, ilhali ya pili huweza kung'oa gurudumu zima.

Kwa wale watakaoingia uwanjani, jibu ni ndiyo: yasawazishwe kabla ya kuanza, vipande vifunikwe kwa utepe, mabaki ya mpira yakwanguliwe kila baada ya mzunguko wa mazoezi, na alama ya chaki iangaliwe. Kwa dereva wa kila siku kazi ni nyepesi zaidi, kwani tairi lake halibadiliki kila saa. Linalomhitaji ni kupimwa kwa wakati, kabla nyundo ile isiyoonekana haijamaliza kazi yake.