Debe, Ratli na Kilo: Historia ya Vipimo vya Mazao katika Kasese na Bwera

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ukimwuliza kibaba chenyewe kinabeba kiasi gani, aghalabu hutabasamu tu. Kwa wazee wa pwani swali hilo lilikuwa na jibu: kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka cha ratli moja na nusu hivi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja, yaani karibu ratli 6, au kilo 2.7 kwa hesabu ya leo. Pishi bado inasikika kila mwisho wa Ramadhani wakati wa kutoa zaka ya fitri. Lakini hayo ni ya pwani. Makala haya yanakusudia kumchukua msomaji mbali na bahari, hadi Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, mahali ambapo Kiswahili, Lukonzo, Kiganda, Kiingereza na Kifaransa cha Kongo hukutana sokoni juu ya gunia moja la maharagwe. Swali letu ni jepesi kulitamka: mazao ya mkulima yahesabiwe kwa kipimo gani ili takwimu zinazotokana nayo ziwe na maana? Historia ya eneo hili inaonyesha kwa nini jibu lake si jepesi.

Tuanze na chumvi. Kabla ya pamba na kahawa, bidhaa kubwa ya sehemu hii ilikuwa chumvi ya Ziwa Katwe. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1889, na mwaka 1891 Frederick Lugard akajenga ngome aliyoiita Fort George. Hakuvutiwa na mandhari tu. Aliyeshika Katwe alishika chumvi ya nchi nyingi jirani. Chumvi hiyo ilisafiri kichwani, na bidhaa inayosafiri kichwani hupimwa kwa mzigo. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya Afrika Mashariki ulikuwa kati ya ratli 60 na 70. Ukikumbuka kwamba frasila ya Unguja ilikuwa ratli 35, utaona kwamba mzigo ulikaribia frasila mbili. Kwa hiyo kipimo cha mfanyabiashara wa pwani na shingo ya mpagazi vilipatana vizuri. Mzigo ulikuwa kizio kinachoeleweka na kila mtu, ingawa hakuna aliyeuweka kwenye mizani. Tutaukuta tena mbele.

Kisha ukaja mpaka. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani yaliwagawa watu wa eneo hili: Wakonzo wakabaki Uganda, na ndugu zao Wanande wakawa Kongo. Vitabu vyetu vya historia husimulia sana mgawanyo wa ardhi na wa lugha za utawala, lakini mgawanyo wa vipimo hautajwi. Wabelgiji walileta kilo, lita na hekta. Waingereza walileta ratli, galoni na eka. Kwa hiyo mama aliyevuka Mto Lubiriha kutoka Bwera kwenda Kasindi kumwona dada yake alitoka katika nchi ya ratli akaingia katika nchi ya kilo, na maharagwe kichwani mwake yalikuwa yale yale. (Tanganyika ilipata mzunguko wa ajabu zaidi: Wajerumani waliileta kilo, Waingereza wakarudisha ratli, na Tanzania huru ikairejesha kilo.)

Upande wa Uganda, serikali ya kikoloni ilitaka hesabu za pamba, zao lililoingizwa rasmi nchini mwaka 1903, na baadaye hesabu za kahawa. Pamba iliuzwa kwa ratli na kusafirishwa kwa robota, na hapo hakukuwa na taabu kubwa kwa kuwa kila kilo ilipita kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambulia. Taabu ilikuwa kwenye chakula. Mtama, muhogo, ndizi na maharagwe havikupita kiwandani. Hesabu zake zilitokana na makadirio ya eka yaliyoletwa na machifu wa gombolola, na chifu huyo huyo ndiye aliyekusanya kodi. Msomaji na afikirie mwenyewe: mtu akiulizwa na mkusanya kodi shamba lake lina ukubwa gani, atajibuje? Uganda ilipata sensa yake ya kwanza ya kilimo mwaka 1963 hadi 1965, baada ya uhuru. Zilizofuata ni ile ya 1990/91 na ile ya 2008/09. Anayetaka kulinganisha takwimu hizo kwa eneo letu akumbuke pia kwamba kabla ya mwaka 1974 hapakuwa na wilaya hii. Hesabu zake zimefichwa ndani ya Toro.

Wakati machifu wakikadiria eka, sokoni lilikuwa limeingia debe. Neno hili tulilipata kutoka lugha za Kihindi, na chombo chenyewe tulikipata kutoka biashara ya mafuta ya taa: kopo la bati la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, kopo likawa kipimo cha nafaka kutoka Mombasa hadi Bwera. Baadaye bati likaondoka na plastiki ya lita 20 ikachukua nafasi yake. Jina halikubadilika, bali chombo kilikua kwa karibu sehemu moja ya kumi bila mtu yeyote kutangaza. Mtafiti anayechukua madebe ya miaka ya 1950 na kuyalinganisha na ya leo anaweza kugundua kupungua kwa mavuno ambako kumetokea ndani ya neno tu.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha. Reli haijui debe, inajua tani. Mgodi nao ulileta wafanyakazi wengi wasiolima, waliohitaji kulishwa. Hapa pana jambo la kuwafurahisha walimu wa lugha. Katika Kiswahili sanifu posho ni sehemu ya chakula au fedha anayogawiwa mtu. Nchini Uganda posho ni unga wa mahindi na ugali wenyewe. Mgao umegeuka kuwa chakula, kwa sababu kwa askari, wanafunzi na wafanyakazi mgao ulikuwa unga wa mahindi siku zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi tatu za Afrika Mashariki zilianza kuhamia kilo na lita. Kwenye karatasi, Bwera na Kasindi sasa zilisema lugha moja. Kwenye gunia, la. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90, kwa sababu lilikuwa ratli 200 za zamani zilizotafsiriwa kwa kilo na kusawazishwa kidogo. Gunia la Tanzania huhesabiwa kilo 100. Nchini Uganda orodha ya vipimo inayotumika katika tafiti za kaya za Ofisi ya Takwimu (UBOS) ina gunia la kilo 120, la 100, la 80 na la 50, na tena gunia lisilobainishwa. Na hapo bado hatujataja lumbesa, ambalo Wakala wa Vipimo wa Tanzania umepambana nalo miaka na miaka. Tuseme mkulima amevuna magunia 10. Kwa gunia la Kenya ana kilo 900. Kwa gunia kubwa la Uganda ana kilo 1,200. Tofauti ni kilo 300. Familia inayopika kilo moja ya unga kwa siku inaweza kupotezewa, au kuongezewa, karibu miezi kumi ya chakula kwa kosa la karani asiyeuliza gunia gani. Ofisa wa wilaya anayesoma jedwali hilo ndiye anayeamua nani ana njaa.

Hata kilo yenyewe haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kilo ya nini? Kahawa ya arabika hupandwa kwenye miteremko ya juu ya Rwenzori na robusta kwenye sehemu za chini. Kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu mekundu hutoa kilo moja tu ya buni safi. Robusta iliyokaushwa na maganda yake huitwa kiboko nchini Uganda (mgeni kutoka Dar es Salaam husikia bei ya kiboko redioni na kushangaa), nayo hupoteza karibu nusu ya uzito ikikobolewa. Arabika iliyokaushwa na maganda ina jina lake pia, druga. Serikali nayo hutoa hesabu za mauzo ya nje kwa magunia ya kilo 60 ya buni safi. Pamba ni vivyo hivyo: kilo 3 hivi za pamba yenye mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi, na robota la takwimu za Uganda ni kilo 185 za nyuzi. Muhogo mbichi ukikaushwa kuwa makopa hubaki theluthi moja hivi. Ndiyo sababu hojaji za UBOS huuliza pia hali ya zao: bichi au kavu, likiwa na maganda au bila maganda, kwenye gunzi au limepukuchuliwa. Mwanafunzi akiona safu hiyo asiidharau. Bila hiyo, kilo ni neno tupu.

Vipi kuhusu ardhi? Uganda imebaki na eka kwa moyo wote, ingawa vitabu vya takwimu huandika hekta. Eka ni mita za mraba 4,047, na hekta moja ni eka 2.47. Mkulima husema nusu eka, eka moja, eka mbili. Ni nadra kumsikia akisema eka moja na sehemu tatu za kumi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia takwimu za kaya za Uganda za 2005/06, ulilinganisha majibu ya wakulima na vipimo vya setilaiti. Ulionyesha kwamba wenye mashamba madogo walielekea kuyakuza na wenye mashamba makubwa kuyapunguza. Kwa Kasese, ambako hifadhi mbili za taifa, Queen Elizabeth na Milima ya Rwenzori, zimechukua sehemu kubwa ya ardhi, na mashamba ya mlimani ni vipande vidogo, kosa la robo eka si dogo. Isitoshe, mlima una hesabu yake. Setilaiti hupima shamba kama linavyoonekana kwenye ramani bapa. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, uso ambao jembe linaupitia ni mkubwa zaidi kwa asilimia 15 hivi. Kibarua aliyelima hapo hawezi kushawishiwa kwamba amelima kidogo kuliko anavyojua mgongo wake.

Turudi mpakani. Tangu miaka ya katikati ya 2000, UBOS pamoja na Benki ya Uganda wamekuwa wakihesabu biashara isiyo rasmi inayovuka mipaka, na Mpondwe, karibu na Bwera, ni mojawapo ya vituo muhimu. Makarani husimama na kuandika kinachopita kichwani, kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa gari, wakikadiria kwa macho. Kwa maneno mengine, mzigo wa Katwe umerudi katika takwimu za taifa. Siuoni kuwa aibu. Karani aliyekwisha kupima mizigo mia ya maharagwe kwa mizani anajua mzigo wa kichwani pale Mpondwe una kilo ngapi, na kadirio lake linaweza kuwa bora kuliko kilo aliyoibuni mfanyabiashara mwenye haraka. Kinacholeta hasara ni kuchukua uzito uliopimwa mpaka mwingine, au msimu mwingine, na kuutumia hapa.

Kwa maoni yangu, basi, kizio kinachofaa kwa kuuliza sicho kinachofaa kwa kuchapisha. Mkulima aulizwe kwa chombo anachokitumia yeye. Chombo hicho kipimwe papo hapo kikiwa na zao hilo katika hali ile. Kitabu kiandike kilo. Wapo wanaosema mkulima afundishwe kilo na madebe yasahauliwe. Wazo ni zuri kwa soko, ambako mizani humlinda mnyonge na Shirika la Viwango la Uganda lina kazi ya kuikagua. Kwa hojaji ni hatari, kwa sababu mtu aliyelazimishwa kusema kilo ambazo hakuzipima atataja namba yoyote ili mgeni aondoke.

Hapo kazi inaangukia kwetu sisi wa Kiswahili, na hasa baada ya Kongo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Chombo kile kile cha njano cha lita 20 ni dumu Tanzania, jerikeni Uganda na bidoni ng'ambo ya Lubiriha. Mganda hupima karanga kwa tumpeko, kikombe cha bati kilichopewa jina la kiwanda kilichokitengeneza, au kwa kopo la Kimbo. Hojaji iliyotafsiriwa Dar es Salaam na kupelekwa Bwera ikiwa na pishi na kiroba itapata majibu, lakini sijui ni ya swali gani. Tutenganishe pia kipimo na kizio, na ujazo na uzito, maneno ambayo madarasa yetu huyachanganya kila siku: debe ni ujazo, na likijazwa mahindi makavu na kukatwa sawa hutoa kilo 14 au 15, likijazwa kilele hupita hapo, na likijazwa makapi halifiki popote.

Gumu kuliko yote ni fungu. Nyanya, viazi na vitunguu huuzwa kwa mafungu, na mwaka wa shida bei ya fungu haipandi. Fungu ndilo linalopungua. Katika orodha ya UBOS fungu limeandikwa pamoja na maelezo kwamba ukubwa wake haukubainishwa, na hapo karani wa Bwera hana budi kutoa mizani kwenye mkoba wake, ikiwa amepewa.