Pap Ni Nani?

Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo kliniki. Alikuwa na woga, na haki yake, maana mama yake mzazi, yaani bibi yetu, alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi akaandika "Pap smia" kwenye karatasi. Mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu Pap ndiye nani?" Mimi ninayejidai msomaji, sikujua! Basi nikaenda kusoma.

Pap ni kifupi cha George Papanicolaou, Mgiriki aliyezaliwa Kymi mwaka 1883. Mwaka 1913 alihamia New York na mkewe Andromache, ambaye kule waliishia kumwita Mary. Walianza na kubangaiza: mke alishona vifungo dukani. Baadaye mume akapata kazi katika maabara ya chuo cha udaktari cha Cornell. Huko alichunguza kwa hadubini ute wa simbilisi jike, akaona seli hubadilika kufuata mzunguko wa uzazi. Je, na kwa binadamu? Hapo ndipo Mary alipoingia. Akawa msaidizi wake maabara, na kwa miaka mingi akawa anatoa ute wa mwili wake mwenyewe uchunguzwe.

Hebu fikiria. Huwezi kuitambua seli iliyoharibika kama huijui iliyo nzima. Ile nzima, George aliisoma kwa mkewe. Alipokuja kutazama ute wa wanawake wenye saratani, tofauti aliiona wazi: viini vikubwa, maumbo yasiyoeleweka.

Mwaka 1928 aliwaeleza wenzake kwenye mkutano huko Battle Creek, Michigan. Hawakumwamini. Mwaka huohuo Mromania Aurel Babeș alichapisha ugunduzi kama huo, naye hakupata wasikilizaji wengi. Mambo yalibadilika mwaka 1943, George na daktari Herbert Traut walipotoa kitabu chao. Sasa ugonjwa ungeweza kuonekana kabla mwanamke hajahisi chochote.

Majibu ya mama mdogo yalitoka salama. Nilipomsimulia habari za Mary, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kitabu kilitoka mwaka gani vile?"

"1943."

Bibi alikufa mwaka 1987. Alifika hospitali damu ikiwa haikatiki, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumpima.